Harufu ya povu la kupulizia

Harufu ya povu la kupulizia ni harufu inayobaki ndani ya nyumba baada ya kuta, paa au sakafu yake kupuliziwa povu la poliurethani kama kihami joto, yaani kitu cha kuzuia joto lisipite. Kwa kawaida harufu hiyo hupungua na kwisha katika siku chache, povu likishakauka na hewa ya nyumba ikishabadilishwa. Katika nyumba chache haiishi. Hubaki kwa wiki, miezi au hata miaka, na wakazi huifananisha na shombo la samaki, amonia, mkojo wa paka, rangi mbichi au plastiki iliyoungua.

Tatizo hili linajulikana zaidi Marekani, Kanada na Uingereza, ambako povu hutumika kupunguza gharama za kupasha nyumba joto wakati wa baridi au kuipoza wakati wa kiangazi. Linatofautiana na harufu ya rangi au ya samani mpya kwa jambo moja kubwa: povu hutengenezwa papo hapo ndani ya nyumba, na likishashika mbao na matofali ni vigumu sana kuliondoa.

Harufu peke yake si kipimo cha hatari. Kemikali inayoogopwa kuliko zote katika kazi hii haitoi harufu ya kumwonya mtu mapema, wakati baadhi ya zile zinazonuka vibaya hunuka zikiwa katika kiasi kidogo mno. Hata hivyo, harufu isiyoisha ni dalili kwamba kuna kitu hakikwenda sawa katika mchanganyiko, katika upuliziaji au katika mzunguko wa hewa wa nyumba, na inastahili kuchunguzwa badala ya kufunikwa kwa manukato.

## Jinsi povu linavyotengenezwa

Povu la kupulizia hutokana na vimiminika viwili vinavyoletwa kwenye eneo la kazi katika mapipa tofauti. Katika Amerika ya Kaskazini mafundi huviita upande A na upande B.

Upande A ni isosianati, hasa ile inayoitwa methileni difenili diisosianati, kwa kifupi MDI. Upande B ni mchanganyiko wa vitu kadhaa:

* polioli, ambazo huungana na isosianati na kuwa plastiki yenyewe;
* vichocheo, mara nyingi vya jamii ya amini, vinavyoharakisha mmenyuko;
* kivimbishi, yaani maji au gesi inayofanya mchanganyiko uumuke kama unga uliotiwa hamira;
* kizuia moto, mara nyingi kampaundi yenye klorini na fosforasi inayoitwa TCPP;
* silikoni kidogo, inayosaidia vitundu vya povu vilingane.

Vimiminika hivyo hupashwa joto, husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia mipira mirefu na hukutana kwenye ncha ya bunduki ya kupulizia. Kwa kawaida uwiano wake ni 1 kwa 1 kwa ujazo. Mchanganyiko ukigusa ukuta huumuka ndani ya sekunde chache, hujaza nyufa na kuwa mgumu. Mmenyuko wenyewe hutoa joto jingi.

Kwa hiyo kiwanda halisi cha povu ni gari la fundi, na siku ya uzalishaji ni siku ile ile ya kupulizia. Bidhaa nyingine za ujenzi hukaguliwa kiwandani kabla ya kuuzwa. Ubora wa povu hutegemea joto la mapipa, hali ya pampu, unyevu wa mbao, hali ya hewa ya siku hiyo na ujuzi wa anayeshika bunduki.

## Aina

Kuna aina tatu zinazotumika majumbani.

Povu la seli wazi ni laini kama sponji na jepesi, lenye uzito wa takriban kilogramu 8 kwa mita moja ya ujazo. Huvimbishwa na maji: maji hukutana na isosianati na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huumua povu. Mvuke wa maji unaweza kupita ndani yake.

Povu la seli fumbe ni gumu na zito zaidi, takriban kilogramu 32 kwa mita moja ya ujazo. Vitundu vyake vimefungwa na hushika gesi ndani, hivyo kwa unene ule ule huzuia joto vizuri zaidi kuliko seli wazi. Pia huzuia unyevu.

Povu la kopo ni lile linalouzwa madukani kwa kuziba nafasi kuzunguka milango, madirisha na mabomba. Mara nyingi ni la kijenzi kimoja na hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani. Kiasi chake ni kidogo, lakini nalo lina isosianati kabla halijakauka.

## Historia

Poliurethani iligunduliwa mwaka 1937 na mwanakemia Otto Bayer pamoja na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Kwa miongo mingi ilijulikana zaidi katika magodoro, viti, majokofu na soli za viatu kuliko katika kuta za nyumba.

Malalamiko makubwa ya kwanza kuhusu povu nyumbani hayakuhusu poliurethani bali povu la urea-formaldehidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, serikali za nchi za baridi zilihimiza wananchi kuziba nyumba zao. Kanada ilianzisha mwaka 1977 mpango wa kuwalipa wenye nyumba sehemu ya gharama za kuweka kihami joto, na wengi walichagua povu la urea-formaldehidi, lililosukumwa ndani ya kuta zenye uwazi kupitia matundu madogo. Povu hilo lilitoa gesi ya formaldehidi, hasa pale lilipochanganywa vibaya au lilipopata unyevu. Wakazi walilalamikia macho kuwasha, pua kuchoma, kikohozi na maumivu ya kichwa.

Kanada ilipiga marufuku povu hilo mwezi Desemba 1980, baada ya kuwekwa katika nyumba zinazokadiriwa kufikia 100,000. Marekani ilifuata mwaka 1982, lakini mahakama ya rufaa ilibatilisha marufuku hiyo mwaka 1983 kwa kuona ushahidi uliotumika hautoshi. Katika jimbo la Quebec kesi kubwa ya wenye nyumba iliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1991 mahakama ilikataa madai yao. Hasara ya wenye nyumba haikungoja hukumu yoyote. Nyumba zilipungua bei, na kwa miongo iliyofuata mikataba ya kuuza nyumba huko Ontario iliendelea kuwa na kifungu kinachomtaka muuzaji aeleze kama povu hilo limewahi kutumika.

Poliurethani ni kemikali tofauti na urea-formaldehidi, na marufuku hizo hazikuigusa. Matumizi yake majumbani yalikua sana mwanzoni mwa karne ya 21, bei ya nishati ilipopanda na kanuni za ujenzi zilipodai nyumba zisizopitisha hewa ovyo. Malalamiko ya harufu yalikua pamoja nayo. Mwezi Aprili 2011 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) lilitoa mpango wa hatua kuhusu MDI, likitaja povu la kupulizia kati ya matumizi yanayoweza kuwafikia watu wa kawaida nyumbani. Katika miaka iliyofuata wenye nyumba wa Marekani na Kanada walifungua kesi kadhaa dhidi ya watengenezaji na wapulizaji.

## Vitu vinavyonuka

Harufu ya povu haitoki katika kemikali moja. Zinazotajwa mara nyingi ni hizi:

* Amini. Vichocheo vya jamii hii ndivyo asili ya shombo la samaki na ya harufu ya amonia. Mafundi wanaokaa katika mvuke wake wanaweza kuona ukungu wa rangi ya buluu au duara za mwanga kuzunguka taa. Hali hiyo kwa kawaida hupita mtu akitoka kwenye mvuke.
* Aldehidi. Kundi hili, lenye harufu kali au ya mafuta yaliyochacha, linaweza kutokea povu linapopata joto kupita kiasi au linapochakaa.
* Masalia ya viwandani. Kiasi kidogo cha viyeyusho na kampaundi nyingine kinaweza kubaki ndani ya malighafi za upande A na upande B, kisha kikatoka polepole.
* Vivimbishi. Gesi za seli fumbe hutoka kwa kiasi kidogo kwa muda mrefu. Kwa kawaida hazinuki sana.

TCPP, kizuia moto, haiungani kikemia na plastiki. Imo ndani ya povu kama mafuta yaliyomo ndani ya andazi, na kwa hiyo huweza kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST) imechunguza utokaji huo na kuonyesha kwamba huongezeka joto linapopanda. Harufu yake ni hafifu, hivyo chumba kisichonuka kinaweza bado kuwa nayo hewani.

MDI yenyewe haitegemewi kutambulika kwa pua. Huwa nyingi hewani wakati wa kupulizia na muda mfupi baadaye, kisha hupungua kwa sababu inaungana na polioli au na unyevu. Povu lililochanganywa vizuri na kukauka halitarajiwi kutoa MDI, isipokuwa likichomwa au kupashwa joto kali. Povu likikatwa au kusagwa kabla halijakauka vizuri, vumbi lake pia linaweza kubeba isosianati.

## Sababu za harufu kudumu

Sababu ya kwanza ni uwiano mbaya. Pampu ya upande mmoja ikikwama, chujio likiziba au pipa likiwa baridi, bunduki hutoa kiasi kisicho sawa. Upande A ukizidi, povu huwa gumu, hukatika kama biskuti na huweza kunywea. Upande B ukizidi, povu huwa laini au la kunata, na polioli na amini zisizopata cha kuungana nacho huendelea kutoa shombo.

Sababu ya pili ni unene. Watengenezaji wengi wa povu la seli fumbe huagiza lipuliziwe kwa tabaka za takriban sentimita 5, kila moja ikiachwa ipoe kabla ya inayofuata. Fundi anayetaka kumaliza haraka anaweza kumwaga unene mkubwa mara moja. Joto la mmenyuko hukosa pa kutokea, katikati ya povu hubadilika kuwa kahawia na kuanza kuungua. Povu la namna hiyo hunuka moshi au plastiki iliyoungua, na limewahi kusababisha moto saa kadhaa baada ya mafundi kuondoka.

Sababu ya tatu ni mahali lilipopuliziwa. Mbao zenye unyevu hula isosianati iliyokusudiwa polioli. Ukuta wenye baridi kali huzuia mmenyuko usikamilike. Uso wenye vumbi au mafuta hulifanya povu libanduke na kuacha nafasi ambamo harufu hujikusanya na kutoka kidogo kidogo.

Sababu ya nne ni jua na hewa iliyofungwa. Povu lililo chini ya paa hupata joto kali mchana wa kiangazi, na mvuke hutoka zaidi joto linapopanda. Ndiyo maana wakazi wengine huona harufu imekwisha wakati wa baridi, kisha inarudi kiangazi. Ikiwa mabomba ya kiyoyozi yanapita juu ya dari na yana matundu, harufu ya darini husambazwa vyumba vyote.

Tena, si kila harufu inayotokea baada ya kupulizia ni ya povu. Nyumba iliyozibwa hushika pia mvuke wa rangi, gundi za mbao, jiko la gesi, kuvu au panya aliyefia darini. Harufu zilizokuwa zikitoka zenyewe kupitia nyufa sasa zimekosa njia.

## Athari kwa afya

Hatari iliyothibitika zaidi ni ile ya wakati wa kupulizia. Isosianati ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Mtu anaweza kufanya kazi nayo bila shida, kisha mwili wake ukaanza kuikataa. Tangu hapo hata kiasi kidogo sana kinaweza kumletea kubanwa kifua, kukohoa na kukosa pumzi. Kugusa kwa ngozi pia kunatajwa kuwa njia ya kuanzisha hali hiyo.

Nchini Marekani kiwango cha kisheria cha MDI mahali pa kazi hakitakiwi kupita miligramu 0.2 kwa mita moja ya ujazo wa hewa wakati wowote. Taasisi ya usalama na afya kazini ya nchi hiyo (NIOSH) inapendekeza wastani usiozidi miligramu 0.05. Upuliziaji ndani ya nyumba unaweza kupita viwango hivyo kwa urahisi. Kwa sababu hiyo mpulizaji na msaidizi wake huvaa mavazi ya mwili mzima, glavu na vifaa vya kupumulia vinavyoletewa hewa safi kutoka nje. Barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wa isosianati.

MDI isichanganywe na methili isosianati, gesi iliyoua maelfu ya watu huko Bhopal, Uhindi, mwaka 1984. Zote mbili ni za jamii ya isosianati, lakini methili isosianati huvukiza kwa urahisi mno, wakati MDI katika joto la kawaida hutoa mvuke kidogo sana. Hatari ya MDI hutokana hasa na kupashwa joto na kurushwa hewani kama matone madogo.

Kwa wakazi waliorudi baada ya povu kukauka, maarifa ni machache kuliko yaliyopo kuhusu mafundi. Dalili zinazoelezwa ni macho na koo kuwasha, maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kikohozi na kukosa usingizi. Baadhi zinaweza kutokana na kemikali zenyewe, nyingine na kero ya kuishi ndani ya harufu mbaya usiku na mchana. Dalili zinazopungua mtu akilala kwingine na kurudi akiingia nyumbani ni taarifa muhimu kwa daktari. Wenye pumu, watoto, wazee na wajawazito hushauriwa kutosubiri uchunguzi wakiwa ndani ya nyumba inayonuka sana. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa isosianati anaweza kushindwa kukaa katika nyumba ambayo wengine hawahisi kitu.

## Kuondoka na kurudi nyumbani

Wakati wa kupulizia watu wote wasiohusika na kazi, pamoja na wanyama wa nyumbani, huondoka ndani ya jengo. Kufunga mlango wa chumba kimoja hakutoshi, kwa kuwa hewa hupita kwenye nyufa, ngazi na mabomba. Katika jengo la ghorofa majirani wa juu, chini na kando nao wanapaswa kuarifiwa.

Muda wa kurudi hutofautiana na bidhaa. Wapulizaji wengi hutaja saa 24. EPA imeeleza kwamba kwa makadirio ya baadhi ya watengenezaji povu la kitaalamu huchukua takriban saa 23 hadi 72 kukauka kabisa, na povu la kopo saa 8 hadi 24. Baridi, unyevu na unene wa povu hubadilisha hesabu hiyo.

Mambo yanayopunguza tatizo tangu mwanzo ni haya:

* viyoyozi na mifumo ya kupasha joto kuzimwa, na matundu yake kuzibwa, kabla ya kupulizia;
* feni kuvuta hewa ya eneo la kazi na kuitoa nje wakati wa kupulizia na kwa saa nyingi baadaye;
* nguo, magodoro na mazulia kuondolewa au kufunikwa, kwa kuwa hunyonya harufu;
* vumbi na mabaki ya povu lililokatwa kuondolewa kabla wakazi hawajarudi;
* mwenye nyumba kupewa maandishi yenye jina la bidhaa, namba za mapipa, unene uliopuliziwa, na joto na unyevu wa siku hiyo.

Karatasi hiyo ya mwisho huonekana ndogo siku ya kazi. Harufu ikibaki, huwa ndiyo ushahidi wa kwanza anaoulizwa mwenye nyumba.

## Uchunguzi

Uchunguzi huanza kwa kuandika: harufu iko chumba gani, saa ngapi, siku ya jua au ya mvua, madirisha yakiwa wazi au yamefungwa. Pua ya mkazi huzoea, hivyo maoni ya mgeni anayeingia kutoka nje huwa na thamani.

Hatua inayofuata ni kukagua povu lenyewe. Fundi mwingine, asiye yule aliyelipulizia, hukata vipande kutoka sehemu kadhaa hadi kwenye ukuta na kuangalia rangi, ugumu, ukubwa wa vitundu na jinsi lilivyoshika. Katikati yenye rangi ya kahawia, sehemu za kunata, sehemu za kuvunjika na nafasi kati ya povu na mbao ni dalili za kazi mbaya. Povu linaweza kuwa bovu mahali pamoja na zuri kila mahali pengine, kwa hiyo kipande kimoja hakitoshi.

Njia rahisi ya kuhakikisha chanzo ni kuweka kipande cha povu ndani ya chupa safi ya kioo yenye kifuniko, na chupa nyingine tupu kando yake. Baada ya siku moja chupa hufunguliwa mbele ya watu wasioishi humo. Ikiwa chupa yenye povu ina harufu ile ile ya nyumba, chanzo kimejulikana. Ikiwa haina, uchunguzi uhamie kwingine.

Vipimo vya maabara hufanywa kwa kuweka kipande ndani ya chemba ndogo na kupima kinachotoka. Shirika la viwango la ASTM lina utaratibu maalumu wa kazi hiyo kwa povu la kupulizia, unaojulikana kwa namba D8142. Kupima hewa ya chumba peke yake mara nyingi hutoa orodha ndefu ya kemikali ambazo hupatikana pia katika nyumba zisizo na povu. Ndiyo maana wapimaji huchukua pia hewa ya nje ya nyumba kwa kulinganisha. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyoonyesha namba moja ya ubora wa hewa haviwezi kutofautisha amini na mvuke wa kupikia.

## Utatuzi

Ikiwa povu ni zima na harufu ni ya siku za kwanza, dawa yake ni hewa. Feni ya kutoa nje hufanya kazi vizuri kuliko feni ya kuzungusha hewa ile ile. Kupasha chumba joto huku hewa ikitolewa nje huharakisha utokaji. Kupasha joto bila kutoa hewa huongeza tatizo.

Ikiwa sehemu fulani imechanganywa vibaya, hukatwa na kutupwa, na mahali pake hupuliziwa upya au huwekwa kihami joto cha aina nyingine. Kupulizia povu zuri juu ya povu bovu, au kulipaka rangi ya kuziba, huficha chanzo bila kukiondoa.

Vichujio vya kaboni vinaweza kunasa baadhi ya mivuke, lakini hujaa na huhitaji kubadilishwa, na baadhi ya molekuli ndogo huvipita. Vichujio vya vumbi, hata vile bora, havinasi gesi. Mashine za ozoni hazifai: ozoni yenyewe hudhuru mapafu na huweza kuzalisha aldehidi mpya inapokutana na kemikali nyingine. Uvumba, udi na manukato huongeza tu kitu kingine cha kuvuta.

Hatua ya mwisho ni kuondoa povu lote. Ni kazi ya mikono, ya kukwangua mbao moja baada ya nyingine, na inaweza kugharimu zaidi ya kulipulizia. Moto hautumiki, kwa kuwa poliurethani ikiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni. Mabaki hubaki katika nyufa za mbao, na wakati mwingine harufu huwa imekwisha kuingia katika samani.

Nchini Uingereza tatizo limechukua sura ya fedha. Baadhi ya wakopeshaji hukataa kutoa mkopo kwa nyumba ambayo paa lake limepuliziwa povu, hasa kwa sababu povu huficha mbao na mkaguzi hawezi kuona kama zinaoza kwa unyevu. Mwenye nyumba anaweza hivyo kulazimika kuliondoa hata kama halinuki.

## Mzunguko wa hewa

Povu la kupulizia hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzuia joto na huzuia hewa. Nyumba kuukuu iliyokuwa ikipumua kupitia nyufa zake hugeuka kuwa kama chupa iliyofungwa. Unyevu wa kupikia na kuoga, pumzi za wakazi na mivuke ya vifaa vya ujenzi hubaki ndani hadi kitu kivitoe.

Kwa hiyo wataalamu wa majengo huhesabu kihami joto na feni kuwa kazi moja. Kiwango cha ASHRAE 62.2, kinachotumika sana Amerika ya Kaskazini, hueleza kiasi cha hewa mpya kinachohitajika kulingana na ukubwa wa nyumba na idadi ya vyumba vya kulala. Katika nchi za baridi hutumika mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza safi huku ikihamisha joto kutoka kwa ile kwenda kwa hii.

Kuna pia hatari isiyo na harufu. Nyumba iliyozibwa ikiwa na jiko, hita ya maji au tanuri linalovuta hewa ya ndani, feni ya jikoni inaweza kurudisha moshi ndani badala ya kuuacha upande bombani. Moshi huo una kaboni monoksidi, ambayo huua bila kunuka. Vifaa hivyo hukaguliwa upya baada ya nyumba kuzibwa, na king'ora cha kaboni monoksidi huwekwa.

## Sheria na viwango

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, mtu anayetumia kikazi bidhaa yenye diisosianati zaidi ya asilimia 0.1 lazima awe amepata mafunzo ya usalama. Kanada ina kiwango cha CAN/ULC-S705.2 kuhusu upuliziaji wa povu zito, na CAN/ULC-S774 kuhusu kupima mivuke inayotoka na muda unaotakiwa kupita kabla ya watu kurudi. Nchini Marekani kanuni za ujenzi kwa kawaida hudai povu litenganishwe na vyumba vya kuishi kwa kizuizi cha moto cha dakika 15, kama bodi ya jipsamu yenye unene wa milimita 12.7. Bodi hiyo imewekwa kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya harufu: mvuke bado hupita kwenye maungio na matundu ya swichi.

## Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki watu wengi huishi na poliurethani bila kuijua kwa jina hilo, kwa kuwa ndiyo sponji ya magodoro na ndiyo povu lililo ndani ya milango ya majokofu na kuta za vyumba vya baridi. Bidhaa hizo hutengenezwa na kukauka kiwandani kabla ya kufika nyumbani. Nyumba za pwani zenye madirisha makubwa na hewa inayopita hazikusanyi mvuke kwa urahisi kama nyumba zilizofungwa za nchi za baridi.

Hali hubadilika pale nyumba inapojengwa kwa ajili ya kiyoyozi, madirisha yakifungwa mchana kutwa, au povu linapopuliziwa chini ya bati ili kupunguza joto. Bati hupata joto kali mchana, na povu bovu lililo chini yake huwa na kila sababu ya kunuka. Fundi anayetumia povu la kopo kuziba fremu za madirisha naye anahitaji glavu, miwani na chumba kilicho wazi, hata kama kazi ni ya dakika chache.